Siku Niliyokwenda Kuosha Pikapu ya Baba

Mama yangu hapigi simu asubuhi. Asubuhi yake ni ya ng'ombe, na ng'ombe wakiwa hawajakamuliwa hata mchungaji wa usharika akibisha hodi atasubiri. Kwa hiyo Alhamisi ile simu ilipoita nikiwa bado natafuta soksi ya pili, nilijua nyumbani kuna jambo.

“Baba yako anauza gari,” alisema, bila hata kuniuliza nimeamkaje.

“Gari gani, yeyo?”

“Kwani tuna magari mangapi?”

Tunalo moja. Ni pikapu ya petroli iliyoingia nyumbani kwetu kabla sijaanza shule. Zamani ilikuwa ya bluu, na leo bluu imebaki pale tu ambapo mlango ukifungwa hupaficha. Ndiyo iliyowaleta wadogo zangu wote wawili kutoka hospitali wakiwa wamefungwa kwenye shuka, ndiyo iliyonipeleka bweni na sanduku langu la bati, na ndiyo inayoshusha maziwa hadi barabara kuu mpaka leo. Mama alinieleza kwa kifupi. Injini ilikuwa imeanza kutapika oili, na kile kijiti cha kupimia oili kilikuwa kinachomoka chenyewe njiani. Baba aliipeleka kwa fundi wake wa miaka yote kule Engutoto, na fundi akasema ringi za pistoni zimekwisha. Ama injini yote ifumuliwe, ama gari liagwe. Baba alirudi nyumbani, akanywa chai, akampigia mnunuzi wa vyuma chakavu, na mnunuzi angekuja kesho yake, Ijumaa.

“Na yeye mwenyewe anasemaje?” niliuliza.

“Hasemi. Amekaa.”

Neno hilo la mwisho ndilo lililonitisha. Baba ana goti bovu. Nyumbani kwetu ni juu ya Ngaramtoni, kwenye mteremko wa Meru, ambako kwenda popote ni kushuka na kurudi kutoka popote ni kupanda. Mtu mwenye goti lile akikosa gari anakuwa mfungwa wa shamba lake mwenyewe. Hana kanisa, hana mnada, hana wenzake. Nilimwona kichwani mwangu amekaa kwenye kigoda chake siku moja, mbili, mwezi, mpaka asahau kwamba kuna kuinuka. Niliogopa sana, sioni sababu ya kuficha.

Sasa niseme lile lililonichoma zaidi: mimi ni fundi magari. Nina gereji yangu Elerai, yenye geti la bati, shimo la kushukia chini ya gari, na benchi la wateja ambalo halikosi mtu. Watu wanatoka mbali kuniletea injini zao. Baba naye huja kila baada ya wiki mbili, na huja na pikapu, lakini huiegesha nje ya geti, barabarani, juani. Huingia kwa miguu na kidumu cha maziwa. Mimi huinamisha kichwa kama tulivyolelewa, naye hunigusa kilemba kwa ncha za vidole, akikwepa grisi, na kunisalimu kwa lugha yetu, “Takwenya.” Nami huitikia, “Iko.” Hunywa chai, huwapongeza wateja wangu kwa uvumilivu wao, kisha hutoka na kuondoka. Kwa miaka minane gurudumu la pikapu ile lilikuwa halijakanyaga ndani ya geti langu.

Niliwahi kumuuliza kwa nini. Alinijibu taratibu kwamba fundi ni mtu unayemfokea. Fundi asipofokewa gari halitoki. Na binti aliyekwisha kuolewa hafokewi na baba yake mbele za watu. Lilikuwa jibu zuri, na kwa kadiri yake lilikuwa la kweli, ila nilijua kuna jingine. Yeye na fundi wa Engutoto walipata kipaimara siku moja, wakakaa benchi moja kanisani, na baba yangu si mtu wa kuhama benchi. Mwaka wa kwanza nilikasirika. Wa pili nikanuna. Kuanzia wa tatu nikawa nafanya utani, kwa sababu hasira nazo zinachosha.

“Siwezi kumwambia akupe ulitengeneze,” mama aliendelea. “Nimemwambia gari haliwezi kutoka hapa na uchafu ule, watu watatucheka. Amekubali. Njoo uoshe.”

“Nioshe?”

“Uoshe injini. Kwani injini haioshwi?”

“Inaoshwa.”

“Basi njoo na ndoo.” Akakata simu, akarudi kwa ng'ombe wake.

Ukitaka kumjua mama yangu, mjue kwa mpango ule. Alikuwa amemgusa baba mahali ambapo hawezi kukataa. Baba hajawahi kutoa kitu kichafu nyumbani kwake. Ng'ombe anayepelekwa mnadani hupigwa brashi mpaka kwato, na debe la jirani hurudishwa likiwa limefutwa ndani na nje. Nilichukua ndoo kubwa, nikaweka chini kabisa geji ya kupimia kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa kwenye silinda, spana za plagi, koleo na tochi. Juu yake nikapanga matambara na sabuni ya unga. Ndoo ilikuwa nzito kiasi kwamba niliibeba kwa mikono miwili, nikijitahidi kutembea kama mtu aliyebeba matambara.

Baba alikuwa kwenye kigoda, kofia usoni. Pikapu ilikuwa kando ya migomba, imeelekezwa barabarani tayari kwa safari. Niliinamisha kichwa, akanigusa.

“Umekuja kuosha,” alisema.

“Nimekuja kuosha, baba.”

“Osha kwa makini. Asije akasema tulikuwa hatuitunzi.”

Akachukua kigoda chake, akakisogeza hadi hatua tatu kutoka kwenye bampa, akakaa kusimamia. Hilo sikuwa nimelitegemea. Mpango wangu na mama ulimhitaji baba awe barazani, na sasa alikuwa karibu kiasi cha kusikia nikimeza mate.

Nilifungua boneti. Kusema kweli palihitaji kuoshwa. Oili ilikuwa imetoka kwenye kila kiungo, ikashika vumbi, ikawa tope jeusi. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli ili kisiruke. Nilipouona mpira ule moyo uliniuma, maana niliujua ufungaji wake. Baba alikuwa amejaribu kuiuguza mwenyewe.

Niwaeleze wasiojua. Kila injini huvujisha gesi kidogo ndani kwa ndani. Mafuta yakilipuka juu ya pistoni, nguvu karibu yote huisukuma pistoni chini, lakini kiasi kidogo hupenya pembeni mwa zile ringi na kuingia kwenye tumbo la injini, kule oili inakokaa. Ringi zikiwa nzima, gesi hiyo ni kidogo na ina njia yake ya kutokea. Ringi zikichakaa inakuwa nyingi, inajazana, inaanza kusukuma oili nje kupitia sili, zile pete za mpira za kuzuia uvujaji, na kurusha kijiti. Mafundi tunasema injini inapumua, na tukishasema hivyo mwenye gari huanza kuhesabu ng'ombe wake.

Kipimo cha kwanza ni rahisi, hata mtoto anaweza kukifanya. Unawasha injini, unaiacha ipate moto, unafungua kifuniko cha kumiminia oili, unakigeuza juu chini na kukiweka juu ya tundu bila kukikaza. Kikitulia, shukuru. Kikicheza, anza kuwaza. Kikiruka, mpe pole mwenye gari.

“Baba,” nilisema, “niwashie kidogo. Ikipata moto tope litalainika.”

Aliinuka haraka kuliko nilivyotarajia, akapanda kwenye usukani, akaiwasha. Injini ilishika mara moja. Niliisikiliza ikiunguruma, na sauti ilikuwa nzuri, haikugonga wala kukohoa. Nilipokilegeza kifuniko cha oili kikanitoka mkononi hata kabla sijakigeuza. Kiliruka, kikagonga boneti kwa juu, kikadondoka kwenye tope, na moshi wa bluu ukanijaa usoni.

Baba aliona yote kupitia nafasi ya chini ya boneti.

“Ndivyo kilivyoruka Engutoto,” alisema. Alilisema kwa upole mno, akinionea huruma mimi.

Nilikiokota kifuniko, nikakipangusa, nikakirudisha juu ya tundu kwa ukaidi tu. Mara hii hakikuruka. Kilitetemeka, kikasogea upande, kikakaa. Niliona kwa macho yangu haya na, kwa aibu ya fundi wa miaka minane mwenye gereji na mihuri, sikuelewa nilichokiona. Nilikuwa na kazi ya kutolia mbele ya baba yangu.

Nilisema azime. Nilisugua tope kwa muda mrefu, kwa sababu kusugua kunasaidia. Kisha nikaamua kwamba kama injini hii inakufa, itakufa ikiwa imepimwa. Nilianza kufungua plagi.

“Plagi nazo zinaoshwa?” baba aliuliza kutoka kwenye kigoda.

“Maji yasiingie, baba.”

“Kwa hiyo unazitoa ili maji yasiingie.”

“Ndiyo.”

“Haya.”

Niliingiza mkono chini ya matambara, nikatoa geji na mpira wake mrefu. Baba alivuta shingo.

“Na hicho?”

“Ni cha kupimia.”

“Kupimia uchafu?”

“Uchafu wa ndani, baba.”

Upande mmoja wa mdomo wake ulipanda. Baba yangu si mcheshi wa kelele. Utani wake wote unapita kwenye upande huo mmoja wa mdomo, na mimi nimeishi kwa kuutafuta tangu utoto. Nilimwomba arudi kwenye usukani, akanyage mafuta mpaka mwisho na apige stata nikimwambia. Akapanda. Sikuhitaji kumwambia mara mbili, na alivyokuwa akipiga na kuacha, kwa mpigo uleule, nilijua mtu huyu hana nia hata chembe ya kuuza gari lake.

Silinda ya kwanza, mshale wa geji ulipanda kwa hatua nne za haraka na kusimama juu. Nilidhani geji imekwama. Nikarudia, ukasimama palepale. Ya pili, ya tatu, ya nne, zote zilifuatana, zikipishana kwa upana wa ukucha. Injini yenye ringi zilizokwisha haipandishi mshale namna ile. Ile ilikuwa kompresheni ya injini yenye afya njema, injini iliyotunzwa na mtu anayemwaga oili kwa wakati na kupasha moto kabla ya kupandisha mlima.

Nilikaa kwenye bampa na geji mapajani. Kipimo kimoja kinasema imekufa, kingine kinasema ni nzima, na baba ananitazama.

“Uchafu ni mwingi?” aliuliza.

“Nafikiria, baba.”

“Fikiria. Mnunuzi ni kesho.”

Hapo ndipo kifuniko kilinirudia akilini. Kiliruka mara ya kwanza. Mara ya pili kilitetemeka tu. Kama gesi ingekuwa inatoka kwenye ringi mbovu, ingetoka vilevile dakika ya kwanza na ya kumi, kwa sababu ringi mbovu hazichoki. Hii ilikuwa gesi iliyohifadhiwa. Ilijazana mle ndani kidogo kidogo, nikaifungulia, ikatoka yote kwa mkupuo, kisha ikabaki ile ya kawaida ambayo kila injini inayo. Kwa hiyo swali halikuwa kwa nini inatoka. Swali lilikuwa kwa nini haikutoka mapema kwa njia yake. Niliruka kutoka kwenye bampa mpaka baba akashtuka.

Njia yenyewe ni mpira mmoja mnene kuliko kidole gumba, unaotoka juu ya injini na kuingia kwenye chujio la hewa, ili ile gesi ivutwe na kuchomwa tena. Nilirudisha plagi, nikamwomba baba awashe, nikapapasa mpira ule kwa kuufuata. Haukuishia kwenye chujio. Ulikuwa umekunjwa pembeni, ukafungwa vizuri kwa waya chini ya tope, mahali ambapo jicho halifiki. Niliweka kiganja kwenye mdomo wake. Hata injini mpya inapaswa kukupulizia kidogo hapo. Sikuhisi kitu.

Nilisema azime. Nilikata waya, nikamulika tochi ndani ya mpira, nikaona kitu. Nilikivuta kwa koleo, kikatoka kwa sauti ya chupa kuzibuliwa.

Lilikuwa gunzi la hindi.

Lilikuwa limechongwa ncha, likazungushiwa ukanda wa kitambaa ili libane. Kitambaa kilikuwa cha kitenge cha kijani chenye vifaranga wa manjano, na vifaranga wale niliwafahamu tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Niligeukia chujio la hewa. Kitundu ambamo mpira ungeingia kilikuwa na gunzi, dogo zaidi, limechongwa kwa ustadi uleule.

Lazima niseme kidogo kuhusu baba na magunzi. Nyumbani kwetu hakuna kitu chenye mdomo kinachoachwa wazi. Chupa ya mafuta ya taa ina gunzi. Dumu la dawa ya kuogeshea ng'ombe lina gunzi, chupa ya asali ina gunzi, na bomba la kitanda cha chuma ambalo nyigu walijenga ndani yake lina gunzi mpaka leo. Kila baada ya kupukuchua mahindi hukaa na kisu akichagua yaliyonyooka, akiyachonga kwa ukubwa mbalimbali, na kuyaweka kwenye kopo juu ya dirisha. Wazee wengi kule kwetu hufanya hivyo, lakini baba amefanya iwe fani. Nilipolishika lile gunzi nilijua kilichotokea bila kusimuliwa. Mpira uliponyoka siku moja, akauona ukiwa wazi, naye akafanya alichofanya maisha yake yote.

Injini ilikuwa haina ugonjwa wowote. Baba alikuwa ameiziba pumzi, na alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu.

Mteja wa kawaida ningemwambia papo hapo, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi. Nina ulimi mkali, wananijua. Lakini mzee yule alikuwa amekwisha kuliaga gari lake kwa kosa la mkono wake mwenyewe, na alikuwa mbele ya binti yake. Nilifunga ngumi, nikayaingiza magunzi yote mawili kwenye mfuko wa ovaroli. Nikakata ncha ya mpira iliyopasuka, nikaurudisha kwenye chujio na kuubana.

“Washa, baba.”

Aliwasha. Nikasubiri, nikasubiri tena, injini ikapata moto kabisa. Nikakifungua kifuniko, nikakigeuza juu chini, nikakiweka juu ya tundu. Kilikaa. Kilitikisika kwa mtikisiko wa injini yenyewe, hicho tu. Nikaufungua ule mpira wa baiskeli kwenye kijiti cha oili, na kijiti nacho kikatulia mahali pake.

Baba alishuka. Alikuja polepole na goti lake, akainama juu ya injini, akakitazama kifuniko muda mrefu sana.

“Hakiruki,” alisema.

“Hakiruki.”

“Umefanya nini?”

“Kulikuwa na uchafu kwenye mpira.”

“Uchafu gani?”

“Uchafu tu, baba. Wa kawaida.”

“Lakini wewe ulisema umekuja kuosha.”

“Si nimeosha?”

Pengine mambo yangeishia hapo, na heshima ya kila mtu ingebaki salama, kama mama asingetokea na sinia la chai. Aliweka sinia kwenye bodi ya pikapu, akanitazama kwa furaha, akaelewa kwa kunitazama tu, kisha macho yake yakashuka mpaka mfukoni kwangu, ambako ukanda wa kijani ulikuwa umechungulia.

“Hao si vifaranga wangu?” alisema.

Niliubana mfuko. Nilikuwa nimechelewa. Baba alinyoosha mkono, kiganja juu, kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa wadogo na tumeficha kitu. Hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kukikataa kiganja hicho. Nikayatoa magunzi, nikaweka moja, nikaweka la pili.

Aliyageuza. Akazitazama ncha zake. Akautazama na mpira. Nilikuwa na maneno tayari kwamba hata mimi ningefanya hivyo, jambo ambalo ni uongo.

“Tulikuwa tumetoka Olasiti,” alisema hatimaye, “kuchukua mabua ya ng'ombe. Vumbi lilikuwa jingi. Nikaona mpira umekaa mdomo wazi.”

“Ndiyo, baba.”

“Nikauziba.”

“Ndiyo.”

“Nikaziba na huku kwingine.”

“Umeziba vizuri, baba. Hakuna hata vumbi lililopita.”

Upande mmoja wa mdomo ulipanda. Kisha, jambo ambalo nimeliona mara chache mno maishani mwangu, upande wa pili nao ukapanda. Baba alicheka. Alicheka mpaka akashika bampa, mpaka kofia ikadondoka kwenye tope, mpaka ng'ombe wakageuza vichwa zizini. Mama alikuwa amekaa chini kabisa, amejifunika uso kwa khanga. Mimi nilicheka nikilia, na wakati huo sikujali tena nani ananiona. Injini ilikuwa bado inaunguruma, na kifuniko kilikuwa kimekaa juu ya tundu lake kimya.

Ijumaa mnunuzi wa vyuma chakavu alifika. Mama alinisimulia kwamba baba alimpokea kwa heshima zote, akampa bakuli zima la loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando, akamwonyesha injini iliyosafishwa inang'aa, akampigia stata, kisha akamwambia hauzi. Yule bwana aliuliza sasa alimwitia nini. Baba akamjibu kwamba alitaka mtu mwingine naye aone.

Lakini mimi nilibaki na donda moja dogo. Kabla sijaondoka Alhamisi ile nilimwambia kwamba sili ya nyuma ya injini imechoka kwa kusukumwa muda mrefu, bado inadondosha oili kidogo, na itabidi ibadilishwe. Alitikisa kichwa. “Nitampelekea fundi,” alisema. Nikajibu sawa, baba, nikabeba ndoo yangu. Nilishuka mlima huku nikijikumbusha kwamba nilichotaka ni gari lisiuzwe, na limepona, na hilo latosha. Sikufanikiwa kujishawishi.

Jumanne nilikuwa ndani ya shimo, chini ya gari la mteja, honi ikalia getini. Ililia tena. Nilipiga kelele kwamba aliyeko nje ateremke afungue mwenyewe, geti halina ufunguo. Nikasikia bati likiburuzwa. Kisha nikasikia injini ninayoijua kuliko sauti yangu, ikiingia, ikipita juu ya kokoto za ndani, za kwangu, ikisimama nyuma ya gari lililokuwa juu yangu.

Nilitoka shimoni. Baba alikuwa kwenye usukani. Pembeni yake, na koti lake la Jumapili, alikuwa fundi wa Engutoto.

“Shikamooni,” nilisema, nikainamisha kichwa. Baba akanigusa. Safari hii hakukwepa grisi.

“Marahaba,” alijibu fundi mzee. “Nimekuja kuliona hilo gunzi.”

Baba alikuwa nalo mfukoni. Alilitoa, na kwa kuwa benchi lilikuwa na wateja watatu, akaanza kusimulia tangu Olasiti na mabua, tangu vumbi, akiigiza kifuniko kinavyoruka, akiigiza na mimi nilivyobeba ndoo nzito ya matambara. Kumbe aliona tangu mwanzo. Wateja waliangua kicheko. Kosa nililolificha mfukoni kwa heshima yake alikuwa analitembeza mjini.

Fundi mzee hakucheka sana. Alilishika gunzi, akanivuta pembeni. “Kifuniko kiliruka, nikakiokota, nikakifunga,” aliniambia kwa sauti ya chini. “Sikukirudisha mara ya pili.”

“Hata mimi nilikirudisha kwa hasira tu, mzee wangu,” nilimjibu, na ilikuwa kweli. Alitikisa kichwa, akaniuliza geji yangu nimeinunua wapi.

Nilimwambia baba niliondoe lile gari shimoni ili niweke lake kwanza. Alilitazama benchi.

“Hawa nimewakuta?”

“Umewakuta.”

“Basi fanya kazi.”

Akaenda kukaa mwisho wa benchi, akamsogezea rafiki yake nafasi, akamwambia aliyekuwa jirani yake kwamba yeye ni wa nne. Nilirudi shimoni. Nilifungua bolti moja mara mbili bila sababu. Ilipita kama saa moja. Gari la kwanza lilitoka, la pili likaingia, na mimi nilikuwa shimoni chini yake niliposikia ile sauti, kubwa, ya kukera, mbele ya wateja wote.

“We fundi! Hivi leo tutalala hapa?”

Niliweka spana chini. Nilifuta macho kwa kiwiko, kwa sababu mikono ilikuwa na oili.

“Subiri zamu yako, mzee!” nilimfokea kutoka shimoni.